Tumezoea Kuhesabiwa, Sasa Tunahesabu: Historia Fupi ya Ndege, Bustani na Watu wa Kujitolea Nairobi

Mwezi huu zamu ya insha ni yetu, kikundi cha Nairobi. Wengi wetu tumetoka Kongo, wengine Burundi, Rwanda na Sudan Kusini. Tunaishi Kayole, Githurai, Kawangware, kila mtu na chumba chake cha mabati.

Mmetuona kwenye picha tumeshika darubini, mkauliza: wakimbizi na ndege, wapi na wapi? Swali ni zuri. Hatutajibu kwa kusema ndege ni wazuri na hewa ya msituni ni safi, hayo mnayajua. Tutajibu kwa historia, kwa sababu tulipoanza kwenda Jumamosi kung'oa magugu na kuandika ndege kwenye Nairobi Arboretum, tuligundua kwamba hata njia tunayopita pale ina historia yake, na kuna watu walioipigania.

Miti ya reli na chama cha wakubwa

Tuanze mwaka 1907. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imeshafika Ziwa Victoria, na magari ya moshi ya wakati ule yalikula kuni. Miti ya asili ilikatwa haraka kuliko ilivyoota. Basi serikali ya kikoloni ikatenga kipande cha ardhi Nairobi ili kujaribu miti ya kigeni, waone ipi inakua upesi katika udongo wa huku. Hiyo ndiyo asili ya Arboretum. Yaani bustani tunayopumzikia leo ilianza kama shamba la majaribio ya kuni.

Leo eneo lile lina karibu hekta 30 na zaidi ya aina 300 za miti. Mingi ililetwa kutoka mbali, na hakuna ndege anayeuliza mti umetoka wapi kabla ya kujenga kiota. Hapo mtatusamehe, tulicheka sana tulipolifikiria jambo hilo.

Miaka miwili baadaye, 1909, kikaanzishwa Nairobi chama cha watu wanaopenda viumbe vya asili, East Africa and Uganda Natural History Society. Waanzilishi walikuwa maofisa wa serikali ya kikoloni, wamisionari na walowezi. Mwaka 1910 wakafungua makumbusho madogo pale ambapo leo limesimama jengo la Nyayo House. Ndiyo, Nyayo House hiyo hiyo ambako wageni hupanga foleni ya makaratasi ya uhamiaji! Kabla ya foleni zetu, pale palikuwa na ndege waliokaushwa na vipepeo waliochomwa pini. Baadaye makumbusho yakahamishwa, na mwaka 1930 yakafunguliwa kwenye kilima cha Museum Hill kwa jina la gavana mmoja, Coryndon. Ndiyo Makumbusho ya Taifa ya leo.

Kazi yao ilikuwa ya maana, hatukatai. Vitabu na sampuli zao bado zinatumika. Lakini angalieni majina. Arboretum na Karura kuna ndege mmoja wa kijani, mkia mrefu, akiruka anafunua mabawa mekundu kama moto. Kwenye vitabu ana jina la Hartlaub, daktari Mjerumani wa mji wa Bremen. Wazee wa milima ya Kenya walimjua ndege huyo kabla babu yake Hartlaub hajazaliwa.

Kwa sisi Wakongomani kuna mfano ulio karibu zaidi na nyumbani. Mwaka huo huo wa 1909, Mmarekani kijana aitwaye James Chapin aliingia Kongo na msafara wa kukusanya wanyama. Mwaka 1913, akiwa Avakubi, kule Ituri, aliona unyoya wa ajabu kwenye kofia ya mwenyeji mmoja. Akauchukua, akakaa nao miaka mingi bila kujua ni wa ndege gani. Mwaka 1936, katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, akakuta ndege wawili waliokaushwa, wameandikwa vibaya kwamba ni tausi wa India. Akakumbuka ule unyoya. Hivyo ndivyo tausi wa Kongo alivyoingia kwenye vitabu vya dunia, miaka 23 baada ya unyoya kuonekana.

Sasa jiulizeni. Yule mtu aliyevaa kofia alimjua tausi. Alijua anakolala, anakula nini, anakamatwaje. Jina lake hatulijui mpaka leo, kwa sababu hakuna aliyeliandika. Tuliposoma habari hii pamoja, mwenzetu aliyezaliwa Ituri alinyamaza, halafu akasema: "Kumbe walitaka unyoya tu." Maneno hayo tumeyabeba.

Jumatano, tangu 1971

Mambo yalianza kubadilika polepole baada ya uhuru. Mwaka 1971, Fleur Ng'weno, mama mzaliwa wa Ufaransa aliyeolewa na mwandishi wa habari Hilary Ng'weno, alianza matembezi ya kuangalia ndege kila Jumatano asubuhi. Utaratibu wake ni mwepesi: watu wanakutana kwenye makumbusho, wanaamua waende wapi, wenye magari wanawabeba wasio na magari, wanatembea, wanaandika kila ndege waliyemwona au kumsikia, kabla ya saa kumi na mbili za jioni kila mtu ameshafika kwake zamani. Hakuna kadi ya mwaliko. Mwanafunzi, mstaafu, mfanyakazi wa ubalozi, kijana asiye na kazi, wote wanatazama mti mmoja.

Matembezi hayo yamepita miaka 50. Hebu fikirieni hiyo kazi: Jumatano baada ya Jumatano, serikali zinabadilika, mji unameza mashamba, maghorofa yanapanda, na watu bado wanaandika orodha. Kati ya waliojifunza hapo wako vijana wa Kenya ambao baadaye walikuwa waongozaji wa watalii na watafiti. Nacho kile chama cha wakubwa cha 1909 leo kinajulikana kwa jina la Nature Kenya, na wanachama wake wengi ni Wakenya wa kawaida.

Tunalitaja hili kwa sababu moja. Chama hakikufunguka kwa tangazo. Kilifunguka kwa sababu kulikuwa na siku maalumu, saa maalumu, mahali maalumu, na mtu aliyekuwa pale kila wiki kumwonyesha mgeni jinsi ya kushika darubini.

Arboretum nayo ina habari kama hiyo. Bustani ilikuwa imechakaa, watu wanaogopa kupita. Mwaka 1993 wakaungana watu wa kujitolea wakajiita Marafiki wa Arboretum. Wakasafisha njia, wakaweka majina kwenye miti, wakaongoza wageni. Sasa Jumapili pale utakuta wanakwaya wanafanya mazoezi, wapendanao wamekaa kwenye nyasi, wanafunzi wanasoma, na tumbili wanawanyang'anya watu ndizi.

Damu ya Karura

Lakini tusiwadanganye kwamba bustani za mji zinalindwa kwa ufagio na tabasamu peke yake. Kaskazini mwa Nairobi kuna msitu wa Karura, zaidi ya hekta 1,000. Mwaka 1998 ikajulikana kwamba vipande vya msitu huo wa umma vilikuwa vimegawiwa watu binafsi ili wajenge majumba.

Aliyesimama mbele alikuwa Wangari Maathai. Huyu mama alikuwa ameanzisha Green Belt Movement mwaka 1977. Miti saba ya kwanza ilipandwa tarehe 5 Juni mwaka huo kwenye uwanja wa Kamukunji, pale karibu na Eastleigh, mtaa ambao wakimbizi wengi wanaujua kuliko mtaa mwingine wowote wa mji huu. Wataalamu wa misitu waliwabeza wanawake wa vijijini waliokuwa wakiotesha miche: eti kupanda miti kunahitaji diploma. Wanawake wakaendelea kuotesha miche.

Tarehe 8 Januari 1999 Wangari na wenzake walikwenda Karura kupanda mti. Wakakuta walinzi wenye silaha wakiwasubiri, wakapigwa. Yeye alipasuliwa kichwa. Akaenda kituo cha polisi kuandikisha taarifa, na akatia sahihi kwa damu yake mwenyewe. Wanafunzi wa vyuo vikuu wakaingia barabarani. Mwezi wa Agosti mwaka huo, rais akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Mwaka 2004 Wangari akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Kisha ikaja sheria ya misitu ya 2005, iliyoruhusu wananchi wa karibu kuunda vyama na kushirikiana na serikali kutunza msitu. Karura ikapata chama chake cha marafiki. Wakachangisha fedha za uzio, wakawaajiri vijana wa vijiji vya jirani kama Huruma kuwa walinzi wa njia. Msitu uliokuwa unaogopwa kwa sababu ya majambazi sasa akina mama wanakimbia mazoezi humo asubuhi. Na juu kabisa, tai mkubwa mwenye kishungi analea kinda lake katikati ya mji mkuu.

Kuhesabu ni kazi gani?

Watu wakisikia "kuangalia ndege" wanafikiri ni starehe ya watu wasio na njaa. Sehemu yake ni starehe kweli, tusifiche. Lakini ndani yake kuna kazi, na kazi yenyewe ni hesabu.

Tangu mwanzo wa miaka ya 1990, kila Januari watu wa kujitolea nchini Kenya wanahesabu ndege wa majini kwenye maziwa ya Bonde la Ufa na mabwawa ya Nairobi. Moja ya mahali muhimu ni mabwawa ya maji taka ya Dandora, yaliyoko Ruai. Sisi wa Kayole tulikuwa tunalijua eneo hilo kwa harufu tu! Kumbe liko kwenye orodha ya maeneo muhimu ya ndege ya Kenya, na kuna bata wanaotoka Ulaya na Asia kuja kukaa pale wakati kwao kuna barafu.

Mwaka 2013 ukaanza mradi wa Kenya Bird Map. Nchi imegawanywa kwenye miraba ya kama kilomita tisa kwa tisa. Unachagua mraba, unatembea humo si chini ya saa mbili, unaandika kila aina ya ndege unayoitambua, kwa mpangilio uliowaona. Huhitaji digrii. Kunguru na shomoro wana haki ya kuandikwa sawa na tai. Na hata usipomwona ndege fulani, hiyo nayo ni habari, maana baada ya miaka kumi mtu atalinganisha na kujua nani ametoweka na lini.

Hapo ndipo jambo lilipotugusa. Sisi ni watu wa kuhesabiwa. Tangu mpakani tumehesabiwa: vichwa vingapi, alama za vidole, picha ya jicho, nani mkuu wa kaya, nani yuko hai, nani ameongezeka. Tumesimama juani kwa HCR, kwa serikali, kwa watu wa chakula. Hesabu hizo zina maana yake, bila hizo hata mgao haupo. Lakini mwenye kalamu siku zote ni mwingine. Siku ya kwanza tuliyopeleka orodha yetu ya ndege, ilikuwa mara ya kwanza kwa wengi wetu kuwa upande wa pili wa kalamu. Tuliandika aina 31. Miongoni mwao mwewe, kwarara wapiga kelele wa alfajiri, chozi watatu kwenye ua moja, shore, kuzumburu na yule mwenye mabawa mekundu.

Sisi tunaingiaje katika historia hii?

Tuseme ukweli kuhusu kutembea mjini. Mwezi wa Desemba 2012 serikali ya Kenya ilitoa amri kwamba wakimbizi wa mijini warudi kambini. Tarehe 26 Julai 2013 Mahakama Kuu ikaifuta amri hiyo. Mwaka 2014 ukaja msako wa Usalama Watch, maelfu ya watu wakakamatwa, wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani. Baadhi yetu tulikuwa watoto, tukafundishwa na wazazi: nyumbani, shuleni, kanisani au msikitini, basi. Usizurure. Bustani ilikuwa mahali pa wenye nchi.

Hata leo haijawa rahisi. Arboretum imepakana na Ikulu. Kijana mwenye kadi ya mkimbizi na darubini shingoni, karibu na Ikulu, hiyo ni mada ya kueleza kwa utaratibu. Kwa hiyo tuna kanuni zetu: tunakwenda kwa kikundi, kadi ziko mfukoni, darubini haielekezwi upande wa ukuta ule hata akitua huko malaika. Kwenye bustani moja, hatutasema ipi, mlangoni kulikuwa na bei ya raia, ya mkazi na ya mgeni wa nje. Tulisimama dakika arobaini wakijadiliana sisi ni bei gani. Mwishowe mzee mmoja wa matembezi, Mkenya, akasema kwa upole: "Hawa ni wa Jumamosi. Huja kila wiki." Tukaingia kwa bei ya mkazi.

Hilo neno, "huja kila wiki", ndilo funguo ya historia yote tuliyowasimulia. Wanawake wa miche walirudi. Watu wa Jumatano walirudi. Wangari alipigwa akarudi. Mahali pa umma panabaki pa umma kwa sababu kuna watu wanaorudi hapo mara kwa mara mpaka inakuwa vigumu kuwafukuza.

Sasa neno kwa ndugu zetu wa mashirika, tunajua mnasoma. Asanteni kwa mengi. Lakini kujitolea kuna aina mbili, na sisi tunazijua zote. Kuna kujitolea ambako mtu anaitwa siku moja, anavaa tisheti, anapanda mti, anapigwa picha, na mti unakauka Februari. Na kuna kujitolea ambako unajifunza kitu kinachobaki kwako hata mradi ukifungwa. Mkitaka kutusaidia katika aina ya pili, hatuhitaji tisheti. Tunahitaji nauli ya matatu ya mwaka mzima, darubini mbili zaidi (sasa tuna moja kwa watu kumi na wanne), barua inayoeleza mlangoni sisi ni nani, na kitabu cha ndege. Na mkiandika ripoti, tafadhali msiandike tu "vijana 14 walishiriki". Ambatanisheni na orodha yetu ya ndege.

Na kuna msemo mmoja tunaomba upumzishwe. Kila mgeni akituona anasema, "Ndege hawana pasipoti, hawana mipaka!" Tunatabasamu kwa adabu. Mbayuwayu anafika hapa Septemba au Oktoba kutoka Ulaya, na ikifika Aprili anarudi kwao. Anaondoka kwa sababu ya baridi, na akirudi anakuta dari lake. Sisi hatukuondoka kwa sababu ya baridi. Hatumwonei wivu, tunamwandika tu tarehe aliyofika. Tarehe hiyo itamfaa mtu.

Kazi tunayowaachia

Tumalizie kwa jambo mnaloweza kufanya hata bila darubini. Tulipokuwa tunalinganisha majina, tuligundua nyange, yule mweupe anayefuata ng'ombe, kwa Kinyarwanda na Kirundi ni inyange. Korongo mwenye taji kichwani, ambaye tangu 2012 yuko kwenye orodha ya ndege walio hatarini duniani, wazee wetu wanamwita umusambi, na wanajua ngoma ya kumwiga kwa mikono. Mama mmoja jirani yetu wa Kayole, ambaye hajawahi kukanyaga Arboretum, alitutajia ndege kumi na tisa wa kijijini kwao Kivu, sauti zao, na yupi akilia mvua inakuja. Tulikaa kwenye ngazi tukiandika mpaka giza likaingia.

Safari hii tumeandika na jina lake, kwa ruhusa yake, kwenye daftari letu la kikundi. Yule mtu wa kofia kule Avakubi hakupata bahati hiyo.

Basi nendeni kwa wazee wenu. Ulizeni jina la ndege, lugha, mahali alipoonekana, anakula nini, anasemwaje. Andikeni na jina la aliyewaambia, kama anakubali. Tutumieni. Na ninyi wa Nairobi, Jumamosi saa moja na nusu asubuhi tuko mlangoni. Kujeni na maji, viatu vya kufunga, na kadi zenu.